Nani aliwaambia tramadoli ni kinini cha uchovu?

Leo sina habari ya barabara wala ya bei ya unga. Leo nagombana. Nagombana na muuza dawa wa kona, nagombana na mzazi anayegawa vidonge kama karanga, na wale wanaopiga simu redioni kusema tramadoli yote ipigwe marufuku, nao nagombana nao.

Mwaka 2024, kambi za pembeni ya Goma zilipokuwa bado zimejaa, nilienda katika moja kurekodi habari ya maji. Mama mmoja akanivuta pembeni. Mtoto wake wa miaka mitano alikuwa amemwagikiwa na sufuria ya maharagwe, mapaja yote yameungua. Vidonge vya parasetamoli walivyopewa viliisha, na usiku mtoto alilia mpaka mahema ya jirani hayakulala. Jirani mmoja, kwa huruma kabisa, akaleta kapsuli moja ya tramadoli iliyobaki wakati mume wake alipovunjika mguu. Mama akaifungua, akamwaga unga wake ndani ya uji. Mtoto akanyamaza. Mama akamshukuru Mungu, akalala.

Kulipopambazuka mtoto alikuwa anakoroma vibaya, haamki hata akitikiswa, midomo imebadilika rangi. Motari alimbeba mpaka hospitali, wala hakudai franga hata moja. Mtoto alipona. Lakini ule ukimya wa usiku, ambao mama alifikiri ni nafuu, ulikuwa pumzi inayopungua.

Hiyo ndiyo tramadoli. Iko katika ukoo mmoja na mofini, jamii ya afyuni. Haiungi mfupa, haifungi kidonda. Inakwenda kwenye ubongo kupunguza habari ya maumivu, na ubongo huohuo ndio unaoamuru mapafu yapumue. Kipimo kikizidi, amri ile inalegea. Ukiongeza kasiksi, au pombe kali, au diazepam ya kutafuta usingizi, inalegea zaidi. Tena tramadoli ina ubaya wake mwingine: inaweza kuleta degedege, hasa mtu akimeza nyingi, na hatari ni kubwa zaidi kwa mwenye kifafa. Nimeona kijana ameanguka sokoni anatetemeka, povu mdomoni, na watu wanabishana ni nani amemroga. Walimpeleka kwenye chumba cha maombi. Sikatazi maombi, lakini hospitali kwanza.

Sasa wewe muuzaji. Nilisimama mbele ya meza yako nikaomba dawa ya mgongo. Hukuniuliza umri, hukuniuliza dawa nyingine ninazokunywa, hukuniuliza karatasi ya muganga. Ulikata kipande cha kibamba kwa mkasi ukaniambia, “Papa, hii batu ya chukudu wote banakunywaka, haina shida.” Kipande kile hakikuwa na jina wala kipimo. Je, ni miligramu 50 au 200? Je, ni ile yenye herufi LP kwenye boksi, iliyotengenezwa itoke polepole kwa saa nyingi, ambayo ukiisaga au kuitafuna inatoka yote kwa mara moja? Wewe mwenyewe hujui. Mwenye nyanya zilizooza ana aibu kidogo, kwa sababu mteja anaziona. Kinini hakionyeshi kilivyooza.

Najua utasema una watoto, na usipouza wewe mwenzako atauza. Mtoto wa yule mama naye alikuwa na mzazi.

Na huyo kijana wa chukudu uliyemtaja, mimi namjua. Anasukuma magunia ya viazi na mbao tangu alfajiri. Alianza na kimoja ili mabega yasimuume. Baadaye kimoja hakikutosha, akaenda viwili, vitatu. Siku moja alikosa pesa akakaa bila dawa: jasho, kutetemeka, kuhara, mifupa yote inauma, usingizi hakuna. Akasema, “Unaona, nilikuwa mgonjwa kweli, hii dawa ndiyo inanishikilia.” Hapana, ndugu yangu. Hayo maumivu ni mwili unaodai dawa uliyouzoesha. Mtu aliyefika hapo asiache kwa siku moja, na asichekwe. Aende kwa muganga apunguziwe kidogo kidogo. Kumwita muhuni hakumtibu.

Nimeandika haya na tayari nasikia simu za Jumapili: “Serikali ikate hii dawa yote, iishe!” Hapo ndipo ninapogombana na ninyi. Nendeni mkae usiku mmoja na mtu aliyetobolewa na risasi, au mama mwenye saratani ya kizazi aliyefika mwisho, halafu mumwambie avumilie. Huku kwetu, mara nyingi tramadoli ndiyo dawa kali pekee ambayo kituo cha afya kinaweza kupata.

Na sababu yake inafaa ijulikane. Mofini iko chini ya mkataba wa kimataifa wa mwaka 1961: kila gramu ina hesabu, ruhusa na sahihi. Tramadoli haimo katika mkataba huo. Mwaka 2018 wataalamu wa OMS waliichunguza tena na hawakuomba iingizwe, kwa kuhofia kwamba wagonjwa wa nchi maskini na wa sehemu za vita wangebaki bila kitu. Mwaka huohuo India, iliyokuwa ikitengeneza vidonge vya nguvu kupita kiasi vilivyofurika Afrika ya Magharibi, iliiweka chini ya ulinzi wa sheria zake. Basi tumebaki na mambo ya kichwa chini: dawa iliyo rahisi kupita mpakani inafika kwa asiyeihitaji, na mofini, ambayo OMS inaihesabu kati ya dawa za lazima, haimfikii anayelia wodini.

Msiniambie haiwezekani. Uganda ni hapa tu, ukivuka Bunagana umefika. Kule wanatengeneza mofini ya maji ya kunywa, kazi iliyoanzishwa na Hospice Africa Uganda tangu 1993, na toka 2004 wauguzi waliofundishwa kazi hiyo wanaruhusiwa kuiandika wenyewe, bila kungoja daktari aliye mbali. Wakubwa wetu wa afya wakivuka mpaka huo kwenda semina, warudi na hilo basi.

Wakati tukiwangoja, aliyepewa tramadoli na muganga aifuate kama ilivyoandikwa. Kwa kawaida mtu mzima hapiti miligramu 400 kwa siku nzima, na mzee, au mwenye figo au maini mabovu, anapewa chini ya hapo. Mtoto wa chini ya miaka 12 asipewe. Mwenye mimba au anayenyonyesha amwambie muganga kabla. Iliyobaki irudi kituoni; usimwekee jirani. Na ukimkuta mtu haamki, anapumua mara chache, mboni za macho zimekuwa kama ncha ya sindano, mlaze kwa ubavu, usimpe maziwa wala mafuta, mkimbize hospitali pamoja na kibamba cha dawa aliyomeza. Kuna dawa ya sindano, naloksoni, inayoweza kurudisha pumzi kama ipo na kama umefika mapema. Muulizeni mkubwa wa kituo chenu, mbele ya watu, kama anayo.

Juzi nilipita tena kwenye ile meza ya kona. Muuzaji alinitambua. Boksi la tramadoli halikuwa juu ya meza. Alikuwa amelisogeza chini, nyuma ya sabuni, na kijana mmoja wa chukudu alikuwa ameinama pale anahesabu franga zake.