Kusahau Si Uchawi

Jina Sumbawanga huelezwa kuwa ni wito wa Kifipa wa kutupa uchawi. Wito huo umfikie kwanza mzee anayepotea njia ya shamba lake: hakurogwa wala haroga, yamkini ubongo wake unaugua.

Mwaka 2024 jopo la jarida la Lancet lilikadiria kuwa takriban asilimia 45 ya maradhi ya kusahau duniani yangeweza kuzuiwa au kucheleweshwa. Miongoni mwa visababishi ni shinikizo la damu, kisukari, tumbaku na upweke.

Basi kila mtu mzima afikaye zahanati apimwe shinikizo, hata akija kwa kikohozi. Nyumbani, chumvi ipunguzwe, ulezi na maharage vidumu, miguu isisahauliwe kwa bodaboda, na mzee asiachwe bila wa kuzungumza naye.