Mizani Iko Mikononi mwa Nani?

Wako watu wasemao kwamba habari za tabianchi ni habari za wasomi wa Ulaya, wala hazimhusu mkulima wa pamba wa Bunda wala mvuvi wa Musoma. Sisi twakataa. Mwezi Mei 2020 maji ya Ziwa Victoria yalipanda hata yakapita alama ya mwaka 1964, ambayo kwa zaidi ya nusu karne ndiyo iliyokuwa kubwa kuliko zote zilizopimwa. Mwaka 2024 yakapanda tena. Mchanga wa kuanikia dagaa ukaliwa na maji, na waliojenga kando ya ufuko wakabeba vyombo vyao wakaondoka. Wazee watasema kwamba ziwa lilijaa vilevile baada ya mvua za mwaka 1961, mwaka wa Uhuru, na ni kweli. Lakini wataalamu waliochunguza mafuriko ya 2020 walitoa hesabu yao mwaka 2024: joto la dunia liliongeza uwezekano wa ziwa kupanda kwa kasi ile kwa karibu mara mbili.

Basi twauliza: waliolileta joto hilo walifanya nini walipojua?

Kwa maana walijua. Mwaka 1977 mwanasayansi wa kampuni ya Exxon, James Black, aliwaeleza wakubwa wake kwamba moshi wa mafuta na makaa ya mawe unaipasha dunia joto. Hesabu za wataalamu wa kampuni hiyo zilipopimwa upya na watafiti wengine mwaka 2023, nyingi zilionekana kuwa sahihi. Wakubwa hawakutangaza habari hiyo sokoni. Mwaka 1989 makampuni ya mafuta, makaa na magari yaliunda umoja wao, Global Climate Coalition, ukadumu mpaka 2002. Kazi yake ilikuwa kuwaambia wabunge na magazeti ya Marekani kwamba jambo hili bado halina hakika. Mkataba wa Kyoto ukafanywa mwaka 1997, na mwaka 2001 Rais Bush akaukataa. Twaona jinsi shaka inavyoweza kuuzwa kama bidhaa nyingine yoyote, na wanunuzi wakapatikana.

Hii ndiyo kazi iitwayo ushawishi. Mtu wa kampuni hasimami jukwaani kuomba kura. Yeye huingia ofisini mchana, hula chakula na wakubwa usiku, na mara nyingine huja na rasimu ya sheria imekwisha andikwa, anamwachia mwenyeji kutia sahihi tu. Katika mkutano wa tabianchi wa Sharm el-Sheikh, mwaka 2022, vyama vya raia vilihesabu watu 636 wenye uhusiano na biashara ya mafuta, gesi na makaa. Dubai, mwaka 2023, walizidi 2,400, na mwenyekiti wa mkutano alikuwa ndiye mkuu wa kampuni ya mafuta ya Abu Dhabi! Belém, Brazil, mwaka 2025, walizidi 1,600. Huko Dubai ziliahidiwa karibu dola milioni 700 kwa ajili ya hasara za nchi maskini zote za dunia. Mvuvi wa Mwigobero ajihesabie mwenyewe fungu lake.

Wala tusidhani kwamba mambo haya yanakaa ng'ambo. Mkutano wa Afrika wa tabianchi ulipokuwa unaandaliwa Nairobi, Septemba 2023, vyama zaidi ya 500 vilimwandikia Rais Ruto kulalamika kwamba kampuni ya ushauri ya Marekani, McKinsey, imeshika usukani wa maandalizi na inasukuma mbele biashara ya kaboni. Mwaka huohuo kampuni ya Blue Carbon ya Dubai ilitangaza hati ya makubaliano na nchi yetu juu ya hekta milioni 8 za misitu. Hekta milioni nane! Ni wanavijiji wangapi waliosomewa hati hiyo kwa Kiswahili?

Biashara yenyewe ni rahisi kuieleza. Kampuni ya mbali inachoma mafuta. Msitu wa hapa unameza moshi. Kampuni inanunua cheti cha msitu, kisha inaendelea kuchoma. Hatusemi kwamba fedha hizo hazina faida. Vijiji vya Wilaya ya Tanganyika, huko Katavi, vimejenga madarasa na zahanati kwa fedha za kaboni, nasi twavipongeza. Butiama msitu wa Muhunda ulilindwa na mila za Wazanaki tangu kabla ya cheti chochote. Tunalouliza ni nani anayepima moshi, nani anayepanga bei, na nani aliyekuwamo chumbani kanuni zilipoandikwa.

Wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa wanalijua swali hili kuliko profesa yeyote. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 waliona kwamba mwenye kununua pamba ndiye pia mwenye kushika mizani, na kilo za mkulima zilikuwa zikipotea kati ya gunia na daftari. Wakaweka wapimaji wao wenyewe. Kutokana na mizani hiyo vikazaliwa vyama vya ushirika, na kufikia 1955, chini ya uongozi wa Paul Bomani, ukasimama Muungano wa Victoria. Kisha wajukuu wao wakaona jambo lilelile kwa dhahabu: mwaka 2017 kamati za serikali zilisema kwamba yaliyomo katika makontena ya makinikia yalizidi yaliyoandikwa. Mwaka huo Bunge likapitisha sheria mbili za kulinda mali ya asili na kuipa nchi haki ya kuipitia upya mikataba yenye masharti mabaya. Sheria hizo hazikutungwa kwa ajili ya dhahabu peke yake.

Kuna neno moja ambalo baadhi ya wasomaji hawatalipenda. Bunge la Ulaya lilipolikemea bomba la mafuta la kutoka Hoima hadi Chongoleani, Septemba 2022, wengi wetu tulikasirika, na hasira ile ilikuwa halali. Ulaya iliyojengwa kwa makaa haina haki ya kutufundisha adabu. Lakini katika bomba hilo TotalEnergies ya Ufaransa ina asilimia 62, na sisi tuna 15. Tunapopaza sauti kwa ajili ya uhuru wetu, yafaa tutazame ni nani mwingine anayepigiwa makofi.

Twataka, basi, daftari la wazi, lenye jina la kila kampuni inayokutana na wizara juu ya tabianchi, mafuta au kaboni, pamoja na siku na jambo lililozungumzwa. Twataka wajumbe wetu katika mikutano ya dunia watangaze kabla ya safari nani amelipa nauli yao. Na kijiji chochote, kiwe Bunda au Butiama, kikiletewa mkataba wa kaboni, usomwe wote kwa Kiswahili katika mkutano mkuu wa kijiji, uachwe hapo siku za kutosha, na mpimaji achaguliwe na wanakijiji wenyewe. Mwanachama aliye diwani au mbunge asingoje kuombwa mara ya pili.