Modemu ya Sebuleni

Tarehe 30 Septemba mwaka 2025 kampuni ya AOL ya Marekani ilifunga huduma yake ya kuingia katika intaneti kwa kupiga simu ya waya. Wengi hawakushtuka. Mimi nilikumbuka ule mkwaruzo wa modemu, mfano wa bati linaloburutwa sakafuni, uliokuwa ukijaza sebule yetu mwaka 2001, nilipokuwa na umri wa miaka 12.

Wakati huo baba alikuwa India pamoja na mdogo wangu, aliyekwenda kupasuliwa moyo. Kupiga simu ng'ambo kulikuwa ghali mno. Hivyo baba aliandika barua pepe, na mama alizifungua kwa kompyuta kuukuu tuliyouziwa na jirani. Jioni ya siku ya upasuaji, modemu ilipiga, ikakwaruza, ikakaa hewani dakika mbili, ikakatika. Tukarudia mara sita. Kila mara gharama ya simu ikahesabiwa upya.

Akaitwa fundi simu mstaafu, mzee wa mtaa wa pili. Hakuigusa kompyuta. Alinyanyua mkono wa simu, akasikiliza. "Laini i hai," alisema, "lakini inakoroma."

Hilo ndilo wengi wetu tulilolisahau. Modemu haikuwa na njia yake yenyewe. Iligeuza maandishi kuwa sauti na kuipitisha katika waya uleule wa mazungumzo, ambao kwa kawaida hupitisha mitetemo ya kati ya 300 na 3,400 tu kwa sekunde. Mkwaruzo ule ulikuwa modemu mbili zikiipima laini na kukubaliana mwendo. Kanuni ya V.90 ya mwaka 1998 iliruhusu kupokea hadi biti 56,000 kwa sekunde, lakini laini yenye makelele haikuufikia mwendo huo.

Katika kompyuta za Windows, kioo kilipoonyesha namba 680, hapakuwa na mlio wa simu. 691, jina au neno la siri limekataliwa. Sisi hatukuonyeshwa hiyo wala ile. Tuliingia, kisha tukatupwa nje, na maradhi ya namna hiyo aghalabu huwa katika waya.

Mzee akaufuata waya ukutani. Chumbani kwa shangazi palikuwa na simu ya pili, naye shangazi, kwa wasiwasi, alikuwa akiinyanyua mara kwa mara kusikiliza kama India wamepiga. Kunyanyua huko kulitosha kuwavuruga wasemaji wawili wa modemu. Hakuna aliyemlaumu, wala mimi sithubutu hata leo. Simu ikachomolewa. Nje, chini ya paa, maungio ya waya yalikuwa yameota kutu ya kijani kwa mvua. Akayakwangua mpaka shaba ikang'aa, akayafunga upya. Mwisho akaichomeka modemu moja kwa moja ukutani, akautupa kando waya mrefu uliokanyagwa chini ya zulia, kisha akanielekeza jinsi ya kuipunguzia mwendo.

"Mama, jaribu sasa," alisema.

Tulihesabu dakika kwa sauti. Ilipopita ya tatu, shangazi akaketi sakafuni. Barua ilikuwa na mistari miwili: mtoto ametoka chumba cha upasuaji, amefumbua macho, na ameuliza kama njiwa wake wamelishwa.

Mama akamwuliza fundi ujira wake. Mzee akaomba asomewe ile barua tena.