Barua ya misheni si barua ya kukimbia

M23 ilipochukua Goma mwishoni mwa Januari 2025, uwanja wa ndege ulifungwa, banki nazo zikafunga milango. Tangu hapo wengi wanaokwenda nje kwa kazi ya injili wanavuka mpaka kupitia Gisenyi, Rwanda. Basi mzazi anapoomba barua ya misheni imtaje pia mtoto wake, mchungaji anajiuliza: ni kutumwa au ni kukimbia?

Kukimbia vita si dhambi. Yosefu alimkimbiza mtoto Yesu Misri usiku. Lakini mkimbizi ana njia yake ya kujiandikisha, wakati barua ya misheni ni ahadi ya kwenda na kurudi. Mmoja akibaki huko, kanisa lililomwalika litasita kuamini barua yetu inayofuata, na mwanakwaya asiye na kosa anaweza kunyimwa visa. Tena mtoto anajifunza kwamba injili ni kisingizio.

Timoteo aliona imani kwa bibi yake Loisi na mama yake Eunike kabla ya kusafiri na Paulo. Mtoto aende, ndiyo: akiwa na kazi yake, ruhusa ya wazazi wote wawili, na tarehe ya kurudi inayojulikana na waamini wote.