Kazi Yetu Iandikwe: Ilani ya Wafanyakazi wa Viwanda, Karakana na Mashamba ya Rungwe

Sisi tunaolisha kuni boila za viwanda vya chai, tunaopiga dawa mashambani, tunaopasua mbao, tunaochomelea vyuma na kufungua injini kandokando ya barabara ya Mbeya kwenda Kyela, tumekubaliana hapa Tukuyu kuanzisha vuguvugu lenye dai moja kubwa. Kila kemikali anayoishika au kuivuta mfanyakazi iandikwe, na mfanyakazi apewe nakala.

Kiwandani huandikwa kilo za majani mabichi yaliyoingia, lita za dizeli zilizotumika, hata kuni zilizoteketea. Kilichoingia kifuani mwa kibarua hakiandikwi.

Tunaanzia hapo kwa sababu saratani ya kazini haimpati mtu siku ile ile. Aliyevuta nyuzi za asbesto anaweza kuugua baada ya miaka 20, 30, hata 40. Kufikia wakati huo kibarua wa msimu amesharudi kwao Masoko au Mwakaleli, msimamizi wake amehama, mali imebadili mmiliki na daftari la mahudhurio limeliwa na mchwa. Mgonjwa anafika hospitali, anaulizwa kama anavuta sigara na kama anakunywa pombe. Ni mara chache anaulizwa amefanya kazi gani maishani na alishika nini. Basi anatibiwa kama mtu aliyepatwa na bahati mbaya, akiwa na uwezo wa kutibiwa. Taasisi ya Saratani ya Ocean Road iko Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 800 kutoka hapa, na kuna ng'ombe na mashamba ya migomba yaliyouzwa kwa ajili ya safari hiyo.

Hatuvichukii viwanda. Wajerumani waliijaribu chai Kyimbila mwaka 1904, na tangu ilipokuwa zao la biashara imesomesha watoto wengi wa wilaya hii, wakiwemo baadhi yetu. Tunachokataa ni kwamba kipato hicho kilipwe kwa mapafu na damu ya watu ambao hawakuambiwa.

Na tuseme ukweli wote, hata ule usiotupendelea. Vumbi la chai kwenye chumba cha kuchekecha linakereketa kifua na linaweza kuleta pumu. Si jambo dogo, lakini hatutaliita saratani. Wala hatusemi kila uvimbe wilayani umetoka kazini. Tunasema yale yaliyothibitishwa. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliuweka moshi wa injini za dizeli mwaka 2012 kwenye kundi la kwanza, yaani vitu ambavyo kwa hakika vinasababisha saratani kwa binadamu. Mwaka 2017 likauweka humo moshi wa kuchomelea. Vumbi la mbao limo pia, pamoja na asbesto, na benzini iliyomo ndani ya petroli, ambayo huleta saratani ya damu. Fundi wa gereji anayenawa grisi kwa petroli kila jioni, na kuinyonya kwa mpira kutoka kwenye tangi, anacheza na benzini hiyo bila mtu kumwambia.

Kwenye dawa za mashambani mambo hayajanyooka hivyo. Glifoseti, dawa ya magugu inayopatikana kwenye maduka ya pembejeo, mwaka 2015 shirika hilohilo liliiweka kwenye kundi la vitu vinavyoelekea kusababisha saratani. Mamlaka ya Mazingira ya Marekani haikukubali, na mpaka leo wataalamu wanavutana. Mankozebu, unga wa kuzuia ukungu wa viazi, Umoja wa Ulaya uliamua mwaka 2020 kutoiongezea kibali. Wavutane. Sisi tunataka, wakati wakivutana, anayebeba pampu akingwe kana kwamba jibu litakuwa baya.

Mtazameni huyo mbeba pampu. Anapima dawa kwa kifuniko cha chupa, anaikoroga ndooni kwa kijiti, anaijaza kwenye pampu ya lita 16 na kuitupia mgongoni. Mfuniko haubani, kwa hiyo kila akiinama dawa inamchuruzika hadi kiunoni. Ncha ikiziba anaifungua, anaipuliza kwa mdomo, anatema, anaendelea. Mchana anafuta mikono kwenye suruali na kula ndizi zake. Jioni shati lile linaloweshwa beseni moja na nguo za mtoto, na anayelifua ni mke wake, ambaye hayumo kwenye orodha ya malipo ya mwajiri yeyote. Kwetu sisi mama huyu naye ni mfanyakazi aliyeguswa na kemikali, na jina lake litaandikwa.

Kinga nyingine hazina gharama ya kutisha. Mwaka 1775 daktari Percivall Pott wa London alieleza kwamba saratani ya mfuko wa korodani iliyowapata wasafisha mabomba ya moshi ilitokana na masizi. Miaka mitatu baadaye chama cha mafundi wa kazi hiyo Denmark kikawaagiza watu wake waoge kila siku. Maji na sabuni tu, zaidi ya karne mbili zilizopita. Rungwe mvua hunyesha karibu mwaka mzima na mito yetu haikauki. Kiwanda au shamba kubwa lisilo na bafu la wafanyakazi hapa kwetu halina cha kujitetea.

Kumbukumbu zina nguvu, na majirani zetu wametuonyesha. Owino Uhuru, mtaa wa Mombasa, kulikuwa na kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu ili kutoa madini ya risasi. Phyllis Omido alikuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho. Mtoto wake alipougua, vipimo vya damu vilionyesha sumu ya risasi. Wakazi wakapimwa na majibu yakahifadhiwa. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya, uamuzi ukatenguliwa kwenye rufaa, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikaurudisha. Karatasi zile za damu ndizo zilizosimama mahakamani miaka yote hiyo. Bila hizo, wangebaki na kilio.

Sheria tunazo. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri ampime afya mfanyakazi kabla ya kuanza kazi na kila baada ya muda, na OSHA, wakala wa serikali unaoisimamia, una ofisi ya kanda Mbeya. Mkataba Namba 170 wa Shirika la Kazi Duniani kuhusu kemikali, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1999, unasema kumbukumbu za mfiduo, yaani za kemikali alizokutana nazo mfanyakazi, zitunzwe na wafanyakazi wazione. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ulianza mwaka 2015, na anayeuchangia ni mwajiri, si sisi. Lakini fidia inataka ushahidi kwamba ulifanya kazi mahali fulani na ulishika kitu fulani. Kibarua anayelipwa mkononi bila hata stakabadhi ataupata wapi?

Kwa hiyo tunadai kila mwajiri Rungwe na Busokelo, mkubwa au mdogo, ampe mfanyakazi, kibarua wa siku tatu akiwemo, karatasi yenye jina la kemikali, tarehe na kazi aliyoifanya, na nakala yake itunzwe miaka 40. Anayeacha kazi apimwe anapoondoka. Dawa isipimwe kwenye chupa za soda. Iuzwe na kibandiko chake cha Kiswahili. Nguo za kazi zifuliwe kazini. Mabomba ya boila kuukuu yakaguliwe kama yamefungwa kwa asbesto, na asiagizwe kijana yeyote kuyabandua kwa mikono. Madaktari na wauguzi wetu, kuanzia zahanati mpaka Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, tunawaomba kwa heshima waongeze swali moja kwenye kadi ya mgonjwa: umefanya kazi gani, wapi, miaka mingapi?

TPAWU na TUICO ni vyama vyetu vya wafanyakazi na hatuji kuchukua nafasi yao. Tunawaletea watu ambao mikataba ya hali bora mara nyingi huwaacha nje, yaani vibarua, mafundi wa vichochoroni na wastaafu.

Hatutangoja waajiri waanze. Kila kijiji tutakachofika tutafungua daftari na kuandika wenyewe: jina, mahali pa kazi, mwaka, kitu ulichoshika, na ugonjwa kama upo. Wazee mlioacha kazi miaka ya themanini, kina mama mnaofua, vijana mlioanza wiki iliyopita, njooni na chochote mlichobaki nacho, stakabadhi, kitambulisho cha zamani, kibandiko kilichobanduka kwenye kopo. Asiye na karatasi aje na shahidi aliyefanya naye kazi. Njooni mkiwa wazima, msingoje kuugua.