Tarumbeta moja na wajibu wetu

Wapo wanaodhani kwamba fedha ya umma inayonunulia vyombo vya muziki ni fedha iliyotupwa baharini. Tunawaomba wenye dhana hiyo, hasa viongozi wenye dhamana ya kupanga matumizi hapa Visiwani, waitazame safari ya Hugh Masekela, mpiga tarumbeta wa jazi wa Afrika Kusini aliyefariki dunia tarehe 23 Januari, 2018.

Masekela alizaliwa mwaka 1939 huko Witbank, mji wa machimbo ya makaa ya mawe. Alipokuwa mwanafunzi wa shule ya St. Peter's, Johannesburg, alikuwa mtundu wa kupindukia. Padri Trevor Huddleston, badala ya kumfukuza, alimwuliza ni kitu gani hasa anachokitaka. Kijana huyo wa miaka 14, aliyekuwa ameona sinema ya mpiga tarumbeta, akajibu kwamba akipata tarumbeta hatamsumbua mtu tena. Padri akamnunulia, akamtafutia na mwalimu kutoka bendi ya manispaa. Wenzake nao wakataka vyombo vyao, na bendi ikazaliwa. Mwaka 1956 Louis Armstrong aliiletea bendi hiyo tarumbeta kutoka Marekani. Huddleston si mgeni kwa Watanzania, kwani ndiye aliyekuwa Askofu wa Masasi tangu mwaka 1960 hadi 1968.

Mwaka 1960 Masekela na wenzake wa kundi la Jazz Epistles walirekodi sahani yao. Tarehe 21 Machi ya mwaka huo huo, polisi wa makaburu waliwaua watu 69 Sharpeville, na hali ya hatari ikatangazwa. Masekela akaondoka kwenda kusoma muziki London, kisha New York, akisaidiwa na watu waliotambua kipaji chake, miongoni mwao Miriam Makeba na Harry Belafonte. Mwaka 1968 wimbo wake "Grazing in the Grass" ulishika nafasi ya kwanza Marekani.

Hatusemi kwamba alikuwa malaika. Kwa miaka mingi alitekwa na pombe na dawa za kulevya, jambo ambalo mwenyewe alilikiri hadharani. Lakini sifa za ughaibuni hazikumsahaulisha kwao. Katika miaka ya 1980 alihamia Botswana, jirani kabisa na mpaka wa nchi yake, akaanzisha huko mafunzo ya muziki. Majeshi ya makaburu yalipouvamia mji wa Gaborone mwezi Juni, 1985, na kuwaua watu 12, alilazimika kuondoka tena. Miaka miwili baadaye tarumbeta yake ilidai mbele ya ulimwengu kwamba Nelson Mandela arudishwe nyumbani. Mwaka 1990 Mandela akatoka kifungoni, naye Masekela akarejea kwao baada ya miaka 30.

Atakuwapo wa kusema kwamba si kila mtoto ni Masekela. Ni kweli. Lakini siku ile padri alipotoa fedha yake, hapana aliyejua kwamba mtundu yule ndiye Masekela. Alichopewa ni vitu vitatu tu: mtu mzima wa kumsikiliza, chombo na mwalimu. Kimoja kingekosekana, huenda vingine visingemfaa kitu.

Hapa kwetu tarumbeta si ngeni. Beni imesindikiza harusi zetu vizazi kwa vizazi, na tangu mwaka 2002, kilipoanzishwa Chuo cha Muziki cha Nchi za Jahazi, imedhihirika kwamba vijana wa Visiwani wakifundishwa hufundishika. Lakini mtoto wa Micheweni au Makunduchi hawezi kungojea bahati ya kukutana na mfadhili.

Hatudai kwamba zahanati ifungwe ili bendi ipigwe. Tunashauri kwamba kila wilaya iwe na vyombo vichache vinavyotunzwa mahali pamoja, na kwamba wapigaji waliostaafu kutoka bendi za polisi na majeshi walipwe posho ya haki ili wawafundishe vijana wetu baada ya masomo. Udongo upate ungali maji. Mtoto anayeitwa mtukutu leo, kabla hatujamwandikia barua ya kumfukuza shule, na aulizwe kwanza anataka nini.