Boti ya Matembezi Mto Tana: Tuangalie Zaidi ya Kasi

Idi ikikaribia, vijana wetu wa Garsen huuliza: Lamu na Watamu familia zinatembezwa kwa boti, sisi wenye mto mrefu kuliko yote Kenya tuna nini? Sasa wanaitaja boti ya jeti. Hoja yao nawaunga mkono, lakini chombo chenyewe tukipime.

Boti ya jeti haina panka nje. Pampu hunyonya maji kupitia tundu lililo chini na kuyasukuma nyuma kwa nguvu. Bill Hamilton wa New Zealand aliiendeleza miaka ya 1950 kwa ajili ya mito ya maji haba. Faida yake kubwa ni kwamba hupita pasipo na kina, na anayeogelea karibu hakatwi na panka.

Lakini Tana ni mto wa tope. Mchanga hula pampu, nyasi na vijiti huziba tundu. Tena boti hii husukumwa na kuelekezwa na maji yale yale. Nahodha akipunguza moto ghafla, usukani nao hulegea. Na michezo ya kuburutwa kwa kamba nyuma ya boti, nani atamtia mwanawe kwenye maji yenye mamba na viboko?

Jambo la kutuumiza kichwa ni jingine. Jumapili ya tarehe 28 Aprili 2024, boti iliyobeba watu wakivuka mafuriko ilizama Kona Punda, katika kaunti hii hii yetu. Msalaba Mwekundu iliokoa watu 23. Wengine tuliwazika. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun.

Kwa hivyo rai yangu ni hii. Kikundi kikipata pesa, kinunue boti pana ya faiba yenye injini ya nyuma, ambayo fundi wa pwani anaijua. Kabla ya viti vya kifahari na muziki, zinunuliwe jaketi za kujiokoa, zikiwemo za saizi ya watoto. Ikaguliwe na KMA, na idadi ya abiria iandikwe ubavuni, isizidishwe hata siku ya Idi.

Mto huu hufurika, na barabara zetu hukatika. Boti itakayotutembeza kiangazi ndiyo itakayomvusha mama mjamzito masika. Tuichague tukimfikiria yeye.